Nyuma ya Paji

Husema tabia ni ngozi.
Mie siku hizi siamini.
Ngozi ya Zahran ipo vilevile,
na lile baka la moto mkononi, la utotoni Unguja,
na ndevu anazozichana kila alfajiri.
Kilichoondoka hakikuwa juu ya ngozi.

Ngamia alitokea gizani, njia ya Sinau.
Kule hospitali Maskati daktari alinionyesha picha:
fuvu jeupe, na mbele, nyuma ya paji,
doa, dogo kama kokwa ya tende.
"Hapa," akasema, "ndipo mtu anapojizuia."
Nilitaka kucheka. Miaka thelathini na nne
nimeolewa na kokwa ya tende.

Maana huyu ndiye aliyekuwa wakili wa falaji hapa Ibra,
mgawa maji wa mtaa mzima.
Akisimama na kijiti chake, akipima kivuli,
na kivuli kikigusa jiwe, huchomoa tambara mferejini:
zamu ya Binti Khalfan imekwisha,
sasa mitende ya mayatima.
Hakumpendelea ndugu yake.
Hata mie. Mwaka wa ukame ndimu zangu zilikauka,
akazitazama,
akanyamaza.

Sasa tambara limechomoka kichwani mwake
na maji yanakwenda yatakako.
Matangani kwa jirani alisema, kwa sauti ya adhana:
"Marehemu alikuwa mwizi wa maji,
na kahawa yenu imepoa."
Kwa utabiri wa hali ya hewa hulia.
Shemeji Mbarouk alimwambia neno ambalo siliandiki,
na Mbarouk tangu Rajabu hajakanyaga hapa.
"Muungwana ni kitendo," aliniambia mlangoni, viatu mkononi.
"Na kitendo hiki ni cha nani?"

Raya, mwanangu, amesoma mambo haya.
Alinichorea nyuma ya bili ya umeme:
"Hasira huzaliwa huku chini, mama, kila mtu anayo.
Hupanda. Huku mbele huambiwa: subiri.
Kwa baba, wa kusema subiri hayupo.
Si yeye. Ni jeraha."
Nikaendelea kumenya vitunguu.

Sikumwambia habari ya usiku wa Jumanne.
Umeme umekatika, kiyoyozi kimekufa,
joto limetukalia vifuani kama mgeni asiyeaga.
Zahran akanishika uso kwa mikono miwili
akaniita Kishada,
jina nililopewa na bibi yangu, ambalo sikujua kama analijua.
"Nilikuogopa tangu siku ya kwanza," akasema.
"Na zile ndimu. Zile ndimu zilinikata maini."

Maini! Lugha yetu hii
imeyaweka mapenzi kwenye maini, chuki kwenye nyongo,
siri moyoni, na mori sijui wapi,
ikampangia kila mmoja chumba chake,
kumbe wote wanaishi orofa moja, gizani,
nyuma ya mfupa ninaoufuta jasho.

Sasa niambie, Raya, wewe uliyesoma.
Ikiwa tusi ni jeraha,
na busu lile nalo ni jeraha?
Na ikiwa busu ndiye yeye,
aliyenyamaza miaka yote ile, kijiti mkononi,
mbele ya ndimu zangu,
alikuwa nani?

Usinijibu. Nina wageni leo.
Nitakaa kuliani kwake, karibu na sinia,
na nikiona mshipa wa shingo umeanza kucheza
nitaweka kiganja gotini kwake:
subiri.
Ukizidi, nitamtia tende mdomoni.
Ataitafuna, atacheka peke yake,
ataitema kokwa mkononi mwangu mbele ya watu
nami nitaifumbata kama kitu cha thamani.

Wakishaaga wote,
wakishavaa viatu,
mlango ukishafungwa,
nitauondoa mkono.